Kabla Hujauza Mtamba: Vifaa vya Mtu Anayeanza Kutafuta Dhahabu ya Mtoni

Leo hatutazungumza habari ya mbolea wala ukungu wa viazi. Tutazungumza habari ya dhahabu. Najua wengine mtasema, "Huyu bwana shamba naye kumbe ameacha jembe!" La, sijaliacha. Ila katika kazi hii ya kuzunguka vijijini, swali likishaulizwa katika mkutano wa kwanza, wa pili na wa tatu, ni lazima lijibiwe, hata kama halimo katika vitabu vya kilimo.

Safari hii niliulizwa Lupepo, huku kwetu Rungwe, baada ya mkutano wa wafugaji. Kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wakatawanyika, ndipo akasogea.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nina swali, lakini si la ng'ombe. Ama niseme ni la ng'ombe kwa namna yake."

Akanieleza. Yeye na wenzake wawili wanataka kwenda Chunya wakati wa kiangazi, viazi vikishavunwa, wakajaribu kutafuta dhahabu kwenye mchanga wa vijito. Hawataki kuhamia huko, wanataka kujaribu tu kwa wiki chache na kuona mambo yalivyo. Mjini wamempata mtu anayetaka kuwauzia vifaa "kamili": pampu ya maji, mpira wake, zulia, mashine ya mkononi inayolia ikipita juu ya metali, pamoja na chupa ya zebaki. Bei ya vitu hivyo vyote ni sawasawa na thamani ya mtamba wake mmoja, mwenye mimba ya miezi mitano.

"Sasa naomba ushauri wako. Mtamba nimuuze?"

Nikamjibu, "Leo usimuuze. Nipe wiki mbili." Katika wiki hizo nikawauliza wanaoijua kazi hiyo, nikaenda nikatazama, na mengine nikayajaribu mwenyewe kwa mikono yangu. Haya yafuatayo ndiyo majibu niliyompelekea. Nayaandika hapa kwa sababu naamini yule kijana hayuko peke yake.

DHAHABU HUTAFUTWA WAPI

Kwanza tuondoe kosa moja linalopoteza muda wa watu wengi. Ukipita kwenye vijito vyetu vya Tukuyu jua likiwa limewaka, utaona vitu vinametameta mchangani. Watoto huvikusanya, na wakubwa wengine nao huanza kuota ndoto. Ndugu yangu, ardhi yetu hii imetokana na milima ya moto. Rungwe, Ngozi na Kyejo ni milima ya volkano, na Kyejo ulimwaga lava yake ya mwisho karibu miaka 200 tu iliyopita. Majivu na lava hizo ndizo zilizotupa udongo huu mzuri wa migomba, chai na viazi. Lakini mawe machanga ya namna hiyo si mahali pa kutafuta dhahabu. Kile kinachometameta mara nyingi ni ulanga, yaani yale magamba membamba yanayobanduka kama karatasi. Kwa hiyo kuchimbua kijito cha Lupepo ni kuchafua maji ya kunywa ya jirani zako bure.

Dhahabu ya mkoa wetu iko upande wa pili, ng'ambo ya safu ya milima ya Mbeya, katika nchi ya Lupa huko Chunya. Mawe ya huko ni ya kale mno, yana umri wa karibu miaka bilioni 2, na ndani yake mna mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwazi, lenye dhahabu. Mvua na jua huvunja mawe hayo polepole, maji yakayachukua mpaka kwenye vijito, na dhahabu ikabaki imelala chini ya mchanga. Dhahabu ya namna hii iligunduliwa Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walifurika huko kutoka kila upande. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda kwa miguu kufanya kazi ya vibarua, wapate fedha ya kodi na ya ng'ombe wa mahari. Ukiwauliza wazee wetu, wengi watakuambia habari za baba au babu aliyefika Lupa.

Kumbuka pia jambo moja ambalo wauzaji wa pampu hawalisemi. Sisi watu wa Tukuyu tumezoea mvua, na kijito kwetu hakikauki. Chunya ni nchi kavu. Wakati wa kiangazi vijito vingi huko ni mchanga mtupu, na maji huchotwa mbali au hununuliwa. Sasa pampu utaitumbukiza wapi? Hapo utaona kwamba kifaa hakichaguliwi dukani, kinachaguliwa kwa kuangalia kwanza mahali kitakapofanyia kazi.

KIFAA KINAFANYA KAZI GANI

Vifaa vyote vya kuosha dhahabu, vya shilingi chache na vya mamilioni, vinategemea jambo moja tu: uzito. Chukua debe la lita 20. Ukilijaza maji, yatakuwa na uzito wa kilo 20. Ukilijaza mchanga mkavu, utapata kama kilo 32. Lakini kama ungeweza kulijaza dhahabu tupu, lingekuwa na kilo 386! Wanaume watano wasingelibandua chini.

Basi ukichanganya mchanga na maji, ukautikisa, kila kitu kinatafuta mahali pake: kizito kinashuka, chepesi kinapanda juu. Mama anayepeta mchele kwa ungo anaijua kanuni hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kazi ya kifaa ni kuisaidia dhahabu ishuke, halafu kumwaga kilichobaki juu bila kuimwaga na yenyewe. Kifaa kikishindwa jambo hilo hakifai, hata kama kina injini.

VIFAA VYA KUANZIA

1. Karai

Hiki ndicho kifaa cha kwanza, na kwa mtu anayeanza ndicho kifaa chenyewe hasa. Unaweza kutumia karai la chuma au beseni la plastiki. Chagua lenye mdomo mpana na kuta zinazolala, yaani zinazopanda kwa mteremko. Sufuria yenye kuta zilizosimama wima haifai, maana mchanga hauna njia ya kutokea taratibu. Kipenyo cha sentimita 35 kinatosha. Karai kubwa zaidi linavutia machoni, lakini likijaa mchanga na maji litakuchosha mikono kabla ya saa nne asubuhi, na mkono uliochoka humwaga dhahabu.

Rangi nayo ina maana. Punje ya dhahabu ni ndogo, na katika karai jeupe au linalong'aa hutaiona. Plastiki nyeusi au ya kijani iliyokolea ni nzuri, tena haipati kutu.

Adui mkubwa wa karai ni mafuta. Punje ndogo ya dhahabu ikishikwa na mafuta huelea juu ya maji na kwenda zake. Beseni jipya la plastiki lisugue kwa sabuni na mchanga mara mbili au tatu. Karai jipya la chuma cheusi lipashe juu ya moto wa kuni mpaka mafuta ya kiwandani yaungue na chuma kigeuke rangi ya bluu nyeusi, halafu uliache lipoe lenyewe. Lakini angalia: karai la bati lililopakwa zinki, lile jeupe, usilichome kabisa. Moshi wake unadhuru. Hilo lioshe kwa sabuni tu. Na karai la dhahabu lisirudi jikoni kupikia wala kuoshea mboga.

2. Chekeche

Kokoto kubwa hazina faida ndani ya karai, zinakupa uzito wa bure. Tengeneza fremu ya mbao, uigongomee wavu wa waya wenye matundu ya ukubwa wa punje ya hindi. Pitisha mchanga wote hapo kabla ya kuuosha. Kokoto zinazobaki juu zitazame kwa jicho moja, kisha uzitupe. Fundi seremala wa kijijini ataimaliza kazi hii kwa nusu siku.

3. Vifaa vya kuchimbia

Hivi unavyo nyumbani: sepeto, ambalo wengine huliita beleshi, pamoja na sululu. Ongeza mtaimbo mfupi wa kusogezea mawe, kijiko kikuukuu cha chuma na burashi. Mtaniuliza, kijiko cha nini? Dhahabu hushuka mpaka ikutane na kitu kigumu cha kuizuia, yaani mwamba. Humo huingia katika nyufa. Mtu mwenye kijiko na burashi akizikwangua nyufa za mwamba anaweza kupata zaidi ya mwenzake aliyejaza makarai mchanga wa juu. Sehemu nyingine za kutazama ni nyuma ya mawe makubwa, upande wa ndani wa kona ya kijito, na katika mizizi ya majani iliyoshika mchanga.

4. Ndoo mbili na pipa lililokatwa nusu

Kwa sababu ya uhaba wa maji niliousema, pipa lililokatwa nusu lina faida kuliko pampu. Unalijaza maji mara moja, unaoshea karai lako ndani yake, mchanga unatua chini na maji unayatumia tena. Kila baada ya muda unautoa mchanga ule na kuutazama tena, maana mwanafunzi humwaga dhahabu, na pipa huipokea. Ukioshea kijitoni, ulichokimwaga kimekwenda. Ukioshea pipani, bado ni chako.

5. Sumaku, mrija na kichupa

Ukiosha vizuri, mwishoni utabaki na mchanga mweusi kidogo tu, ule ulio mzito. Sehemu kubwa yake ni chuma. Itoe sumaku katika spika ya redio iliyokufa, uifunge ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, uipitishe polepole juu ya mchanga huo baada ya kukauka. Chuma kitaruka na kushika. Ukiuvua mfuko, chuma kinaanguka. Dhahabu haishikwi na sumaku.

Punje zikionekana, zifyonze kwa chupa laini ya plastiki iliyotiwa mrija mwembamba kwenye kifuniko: unaiminya, unasogeza mrija, unaiachia, punje inaingia. Zihifadhi katika kichupa kisafi chenye mfuniko unaokaza. Usizifunge katika karatasi wala pembe ya kanga, upepo mmoja tu na kazi ya wiki imekwisha.

6. Vifaa vya mwili

Mabuti ya mpira, glavu, sabuni na maji safi ya kunywa. Katika maji ya joto yaliyotulia kuna kichocho, ugonjwa ambao mtu wa milimani kama sisi hakuuzoea, kwa hiyo usisimame majini miguu mitupu. Na msichimbe kwa kuingia chini ya ukingo wa kijito. Ukingo wa mchanga hauna mlio wa kukuonya, unaanguka kimya. Shimo katika mchanga lisizidi kiuno cha mtu, na mtu asichimbe peke yake.

Hivyo ndivyo vifaa vyote. Hesabu mwenyewe: vingi vimo nyumbani, vingine vitatengenezwa kijijini. Vya kununua ni karai au beseni, waya wa chekeche, pipa na mabuti. Hakuna mtamba anayeuzwa hapo.

VISIVYONUNULIWA MWANZONI

Pampu na mashine ya kulia. Pampu nimekwisha kuisema. Mashine ile inayolia inaweza kumsaidia mwenye uzoefu, lakini msumari nao unailiza, na kifuniko cha soda nacho pia. Anayeanza atafukua misumari ya wachimbaji wa zamani mchana kutwa.

Mwalo. Huu ni ubao wenye kingo, uliotandikwa blanketi au gunia la katani, unaolazwa kwa mteremko na mchanga kupitishwa juu yake kwa maji. Kwa kila mita 1 ya ubao, kichwa kiinuliwe kama sentimita 8. Ni kifaa kizuri, nacho kinaweza kutengenezwa na seremala yule yule. Lakini kinafaa pale tu karai limekwisha kukuonyesha kwamba mchanga una dhahabu. Kuwa na mwalo kabla ya kujua kusoma karai ni kama kununua mashine ya kukamua kabla hujawa na ng'ombe.

Zebaki. Hapa naomba msomaji asimame na kusoma polepole. Zebaki, ambayo wengine huiita mekyuri, hushikana na dhahabu ikafanya donge. Kisha donge huchomwa, zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu, ndiyo maana mtu huuvuta bila kujua. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, huharibu figo, na hupita kwa mama mjamzito mpaka kwa mtoto aliyeko tumboni. Mtu huanza kwa kutetemeka mikono na kusahau, na watu husema amezeeka mapema. Ikimwagwa majini, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki, na samaki humfikia mtu mezani. Wengine huichomea jikoni, katika chungu kile kile cha chakula. Dunia imekubaliana kuipunguza na kuikomesha kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mtu anayeanza na karai hana haja nayo hata tone moja. Sumaku, mrija na subira vinatosha. Anayekuuzia zebaki pamoja na karai la kwanza hajakuuzia kifaa, amekuuzia ugonjwa.

JARIBU NYUMBANI KWANZA

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko yote. Usiende Chunya kujifunzia huko. Jifunze nyumbani, na utajua kama karai ulilonunua ni zuri na kama mkono wako ni mzuri.

Chukua kipande cha risasi ya nyavu za wavuvi. Kikate vipande 10 vidogo, kila kimoja ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti au chini ya hapo, kisha uvigonge viwe bapa. Vichanganye na mchanga uliochekechwa, jaza nusu ya karai, uoshe juu ya beseni kubwa au pipa. Tikisa kwanza huku na huku karai likiwa sawa, mchanga ukiwa ndani ya maji, ili vizito vishuke. Halafu inamisha mbele kidogo, uchote maji na kuyaacha yatoke na mchanga wa juu. Rudia: tikisa, inamisha, mwaga. Mwishoni hesabu risasi zako.

Ukipata 10, rudia tena mpaka upate 10 mara tano mfululizo. Ukipata 6, nne zimo pipani, nawe umejua ukweli bila nauli. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo mkono unaoweza kuzuia risasi utazuia na dhahabu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na watoto wasichezee vipande hivyo, maana risasi nayo ni sumu.

Jifunze pia kutambua. Ukiona punje ya njano, iweke kivulini: dhahabu hubaki na njano yake ile ile, lakini ulanga na mawe mengine hung'aa juani tu. Ibonyeze kwa ncha ya kisu: dhahabu hubonyea na kutandazika, ulanga hubanduka, na lile jiwe la njano liitwalo dhahabu ya wajinga hupasuka vipande vipande.

TUFANYE HESABU

Tuseme, kwa mfano tu, umepata mchanga wenye nusu gramu ya dhahabu katika kila tani 1. Tani moja ni karibu madebe 30. Debe moja ni makarai kama 6. Hayo ni makarai 180. Mwanafunzi akitumia dakika 10 kwa karai moja, ni saa 30 za kuosha, yaani siku 5 za kuinama kwa saa 6 kila siku. Hapo hujahesabu kuchimba, kuchekecha wala kuteka maji. Na hiyo nusu gramu ukiitia kiganjani ni kama punje moja ya mchele.

Sisemi haya ili kuvunja watu moyo. Wako watu Marekani, Australia na New Zealand ambao huosha mchanga siku za mapumziko kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyovua samaki kwa ndoana, nao hurudi na punje tatu ndani ya kichupa wakifurahi. Mtu akienda kwa nia hiyo, na kwa gharama ndogo, hapati hasara. Hasara ni ya yule aliyeuza mali inayozaa ili anunue vyombo vya kutafuta punje ya mchele.

SHERIA NAYO

Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote ni mali ya Taifa, na mtu haruhusiwi kutafuta wala kuchimba bila leseni. Sheria haiulizi kama umekuja kwa kazi au kwa kujaribu. Mtanzania anaweza kuomba leseni ndogo ya uchimbaji kwa Tume ya Madini. Kwa anayeanza, njia nyepesi ni kufanya kazi katika eneo la mtu mwenye leseni, kwa mapatano yaliyoandikwa yanayosema mtagawana vipi. Ufike kwanza katika ofisi ya madini iliyoko Chunya, uulize kama leseni anayokuonyesha mtu huyo ni ya kweli. Kuuliza hakugharimu kitu, kutouliza hugharimu.

Ulichopata ukiuze katika soko la madini. Masoko hayo yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na Chunya lipo. Hapo dhahabu hupimwa kwa mizani mbele yako na bei hujulikana. Anayekuita pembeni gizani ana sababu yake.

Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hii ni sababu nyingine ya kupenda pipa: unaoshea mbali na maji ya watu, na tope lako unaliacha litue shimoni. Mashimo uliyochimba yafukie. Ng'ombe wa mwenzako asivunjike mguu kwa ajili ya punje yako.

YULE KIJANA

Nilirudi Lupepo baada ya wiki mbili nikiwa na karai, chekeche na risasi kumi mfukoni. Tukakaa nyuma ya banda, yeye, wenzake wawili, na mzee mmoja jirani aliyesema baba yake alikuwa kibarua Lupa kabla ya vita. Kijana akaosha karai la kwanza kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa. Tukahesabu risasi: 4. Akacheka, lakini kicheko hakikuwa kirefu.

"Hizo sita," mzee akamwambia, "ndiyo mkia wa mtamba wako unaoondoka."

Akaosha tena, polepole. Zikawa 7. Jua lilipoanza kuinama akapata 9. Nikamwachia risasi na karai.

Walikwenda Chunya kiangazi kile kile, kwa mapatano na mwenye leseni, wakakaa wiki tatu. Walirudi kabla ya wakati wa kutayarisha mashamba. Walichopata kililipa nauli na chakula, na kilichobaki kila mmoja alinunulia mfuko wa mbolea. Nilipomuuliza kama atakwenda tena, alisema labda, mwaka ujao, maana sasa mkono wake umeshika. Halafu akanipeleka bandani. Mtamba alikuwa amezaa ndama jike, na mama mtu alikuwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Ndaga, bwana shamba," mama akaniambia.

Basi ndugu mkulima, tukumbushane kwa ufupi. Jua kwanza mahali na mawe yake, halafu chagua kifaa. Anza na karai la sentimita 35, chekeche, pipa nusu, sumaku na kichupa. Jipime kwa risasi kumi nyumbani. Zebaki usiiguse. Leseni iulize, mashimo uyafukie. Na kifaa chochote kinachokutaka uuze mali inayozaa, kiache dukani mpaka karai lako lenyewe likuambie kwamba unakihitaji.

Kwa leo tuishie hapo.